Darasa la mapishi Unguja: niulize nini kabla ya kulipa?

Msafiri_Bara
Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi ujao nitakuwa Unguja siku 3, na nimetenga nusu siku kwa darasa la mapishi ya asili, hasa wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Matangazo yote yanafanana. Niulize nini kabla sijatoa pesa? Na kwa nini tui hukatika?

Mkaa_na_Mwiko
Karibu sana. Swali la kwanza: nazi atakuna nani? Ukiambiwa ipo tayari imekunwa, au watatumia tui la kopo, hapo utakuwa mtazamaji. La pili: jiko moja watu wangapi? Wakizidi 4, mmoja anashika mwiko na wengine wanapiga picha.

Uliza pia kama mnapita sokoni. Soko la Darajani, lililojengwa 1904, lina uhai wake asubuhi. Samaki wa kuchagua kwa jicho na mashavu wapo mapema, si saa 8 mchana. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Safari ikiangukia Ramadhani, thibitisha saa upya, kwani mapishi mengi husogea kuelekea futari.

Kifumbu
Nijibu la tui, maana ndiyo roho ya darasa lenyewe.

Nazi iwe kavu. Koroma, yaani nazi ambayo haijakomaa, halina tui la maana. Itikise usikie maji, na macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Ukishaivunja onja maji: yakiwa machungu au yananuka mafuta yaliyooza, itupe. Kalia mbuzi ya kukunia nazi, sinia chini ya meno, anza kukuna ukingoni ukizungusha kifuu kidogokidogo. Ukiona unga unaanza kuwa na rangi ya kahawia, acha. Umefika kwenye ganda, na tui litakuwa la kijivu.

Kwa nusu kilo ya mchele, nazi 2 za wastani. Tia kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, fikicha, kamua kwenye kifumbu (kichujio cha kusuka): hilo ni tui zito, liweke kando. Machicha yatie maji tena ukamue tui jepesi. Yote pamoja yasipite sana lita 1, ingawa mchele mkavu wa zamani hunywa zaidi.

Wali huanza na tui jepesi na chumvi. Likichemka tia mchele. Ukikaribia kukauka mwagia tui zito, punguza makaa chini na mengine yapalie juu ya mfuniko, dakika 15 hadi 20. Wali ukitoka mgumu juu na umeungua chini, makaa yamebaki mengi upande usiotakiwa.

Kwenye mchuzi tui zito huingia mwisho. Usifunike chungu, na tumia upawa: chota, inua, mwaga, mfululizo, mpaka lianze kufurukuta pembeni. Likitokota kwa nguvu, mafuta hujitenga na maji, ndiko kukatika kwenyewe. Ndimu nayo hulikata, kwa hiyo ikamulie baada ya kuepua. Samaki akaangwe au achomwe kwanza, la sivyo atavunjikia humo.

Msafiri_Bara
Shukrani, mkuu. Nikitaka kurudi na viungo?

Mkaa_na_Mwiko
Karafuu: bonyeza kichwa kwa ukucha, mafuta yatokeze. Au itie kwenye glasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima, iliyochoka hulala juu. Iliki iwe ya kijani na isiyopasuka. Chukua nzima, usichukue ya unga, kwani harufu ya unga haidumu.

Jihadhari na neno bizari. Ya pilau ni bizari nyembamba. Ya mchuzi ni mchanganyiko uliosagwa wenye manjano. Ukizichanganya utapata pilau ya njano, na rangi ya pilau yafaa itoke kwenye vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia.

Kifumbu
Nyongeza moja: mwambie mpishi siku moja kabla kama huli kamba au pweza, kwa sababu vyakula vya pwani hupikwa kimoja baada ya kingine kwenye chungu kilekile. Na umwombe akuache upalie makaa mwenyewe. Kipimo cha moto hakiandikwi. Utakijua ukiweka kiganja juu ya mfuniko, bila kuugusa, na kusikia joto lake.