Synology imerudi kama mpya: nikirejesha faili la mipangilio (.dss), picha za wateja zinabaki?

MamaStudio_Mwanga (Kigoma)
Wakuu, naombeni msaada kabla sijagusa kitu. Nina studio ya picha na video hapa Mwanga. Kazi zote za harusi na sendofu naziweka kwenye Synology, kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao wa ofisi, ya diski mbili za 4 TB, moja ikiwa nakala ya mwenzake. Jana paswedi ya msimamizi ilinigomea. Kijana wangu, kwa nia njema kabisa, akachukua pini akabonyeza kile kitundu cha nyuma. Ikalia mara moja. Akaona haitoshi, akabonyeza tena, ikalia mara tatu. Sasa nikiifungua kwenye kompyuta inataka nisakinishe mfumo upya.

Faili la mipangilio ninalo kwenye flashi, nililihifadhi Novemba mwaka jana. Nikilirejesha, picha zinafutika? Ndani mna harusi ya Ujiji ya Jumamosi, na kadi za kamera nimeshazifuta. Usingizi sijaupata.

Fundi_Isevya (Tabora)
Pole sana dada. Mlio wa kwanza ulirudisha paswedi na mtandao tu. Ile mara ya pili ndiyo iliyotaka mfumo upya. Picha zako bado zipo, kitufe hicho hakifuti data. Sakinisha taratibu, ila soma kila dirisha. Likikuambia data ya kwenye diski itafutwa, simama hapo hapo, uje uulize.

Faili la .dss halina picha hata moja, wala halifuti picha. Linabeba watumiaji, vikundi, folda za pamoja na ruhusa zake, na huduma kama SMB, ile ya kufungulia folda hizo kutoka kwenye kompyuta nyingine. Mfumo utakaosakinisha usiwe toleo la chini kuliko lililotoa faili hilo. Ukishaingia, nenda Control Panel, Update & Restore, halafu Configuration Backup.

Hapa naomba unisikilize vizuri: usianze kufungua akaunti za vijana wako kwa mkono. Ndani ya mfumo, picha haimjui mwenyewe kwa jina, inamjua kwa namba, na namba za watumiaji hugawiwa kwa foleni kuanzia 1026. Ukimtanguliza Asha leo kwenye nafasi iliyokuwa ya Juma, Asha anafungua vya Juma, na Juma anakuta mlango umefungwa. Ile akaunti moja ya msimamizi unayolazimika kuifungua mwanzoni, ipe jina lile lile la zamani. Wengine waache waje na faili.

Mwl_Kompyuta (Kasulu)
Naongezea kwa Fundi. Watumiaji watarudi na paswedi zao za Novemba, siyo za juzi. Kama kuna aliyeacha kazi tangu hapo, akaunti yake nayo inafufuka, ifunge siku hiyo hiyo. Anwani ya IP iandike pembeni uiweke mwenyewe. Programu ulizoongeza baadaye, tegemea kuzisakinisha upya.

MamaStudio_Mwanga (Kigoma)
Nimemaliza saa nne hii usiku. Onyo la kufuta halikutokea. Faili lilipakiwa chini ya dakika moja, folda zote saba zikajipanga. Mwalimu, Mungu akuzidishie: kijana aliyeondoka Januari alikuwa pale, na ruhusa ya kufuta juu. Nimemfunga.

Folda ya uhariri tu ndiyo iligoma kufunguka kwa dada anayenisaidia.

Fundi_Isevya (Tabora)
Hiyo folda ilitengenezwa baada ya Novemba, faili haliijui. Ingia kama msimamizi, mpe ruhusa, na weka alama ya kuzishusha hadi folda za ndani na mafaili yake.

MamaStudio_Mwanga (Kigoma)
Imefunguka. Nimefungua picha ya kwanza ya Ujiji, bibi harusi anashuka kwenye bajaji, hina bado mbichi mikononi. Zote 2,140 zipo. Faili jipya la mipangilio nimelitoa sasa hivi, moja kwenye flashi, jingine nimempelekea mdogo wangu Tabora alihifadhi. Asanteni sana ndugu zangu.