Tupeane uzoefu: kukoleza rangi ya fanicha za mbao mwenyewe nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Nina meza ya saiprasi niliyoinunua Kiboriloni, imepauka, ina unjano usioeleweka. Nataka iwe kahawia iliyokolea kama mninga, bila kumpelekea fundi. Waliowahi kufanya, mlifanyaje na ilitokaje?

Mama Sakina: Vanishi ya zamani umeitoa? Kazi yote iko hapo. Rangi inatakiwa inywewe na mbao; ikikuta vanishi inaelea juu, ukipitisha kitambaa inaondoka yote. Yangu niliisugua kwa msasa namba 80 mpaka ule unga wa kunata ukaisha ukaanza kutoka mkavu, nikaja na 120, nikamalizia na 180. Kwenye vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokatia, sugua kwa msasa laini zaidi, maana panakunywa rangi kupita kiasi panakuwa peusi.

Mpare wa Pasua: Mimi situmii rangi ya dukani. Chukua stili waya inayoshika kutu (zile zinazong'aa siku zote hazifai), ioshe kwa sabuni itoke mafuta, iloweke kwenye siki nyeupe ndani ya chombo cha plastiki. Usifunge mfuniko ukabana, inatoa gesi. Iache siku kadhaa, kisha chuja.

Saiprasi haina tanini ya kutosha (ile dawa ya asili ya mbao inayobadilika rangi ikikutana na chuma), kwa hiyo ipake kwanza chai kali, ikauke. Halafu pitisha ile siki kwa brashi, ukifuata nyuzi. Mwanzoni utadhani umepaka maji. Subiri: inaanza kijivu, inakuja kahawia, unaiona inageuka. Mkaratusi hauhitaji chai, una tanini yake. Ikikauka itaonekana imefifia, usiogope, vanishi ndiyo inayoirudisha. Jaribu kwanza chini ya meza.

Kijana_Ngarenaro: Tabu yote ya nini? Vanishi ya mahogani, unapaka mara mbili, kwisha habari.

Mama Sakina: Na siku mtoto akiikwaruza, weupe unachungulia. Tunawajua.

Njiro Juu: Nyongeza. Julai na baridi hii ya Arusha vanishi inachelewa sana kukauka, na vumbi linaganda juu yake. Na mkitumia mafuta ya kitani (linseed) ya kupaka mbao, vitambaa msivikunje mkavitupa kwenye pipa. Vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandazeni nje vikauke.

Mwenye uzi: Shukrani wakuu. Mpare, hiyo chai ni ya maziwa?

Mpare wa Pasua: Ya rangi. Na sukari usiweke.