Mrejesho: Tulisimama na mabango Makadara

Wiki tatu nyuma niliwauliza: sisi watu kumi na mbili wa maskani moja hapa Mji wa Kale, Mombasa, twataka kusimama na mabango kupinga vita vya Sudan, vilivyoanza Aprili 2023. Je, lazima tuombe kibali?

Mliosema ni kuarifu tu, shukrani. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya yaruhusu kukusanyika kwa amani bila silaha, na sheria yataka polisi wapewe taarifa siku 3 kabla, zisizidi 14. Afande alisoma barua mara mbili, akauliza, "Sudan yawahusu nini nyinyi?" Kisha akagonga muhuri. Nikatoka mbio asije akageuka.

Jumamosi tukaja tisa. (Wale watatu, tutaonana barazani.) Rangi niliyonunua ilikuwa ya bei rahisi, jasho la mikono likaifuta, "VITA BASI" ikabaki "VITA". Aibu iliyoje! Muuza kahawa akatua dele lake, akachukua kipande cha mkaa, akaandika upya "BASI". Halafu akabaki nasi mpaka adhuhuri, kahawa ikimpoa.

Kipaza sauti tulikiacha. Bi mkubwa mmoja alishatuonya kuhusu wagonjwa mtaani.