Jirani yangu Mhindi amenialika Diwali. Niende na nini, na nisifanye nini?

BintiPangani

Wadau, salaam. Nimehamia Upanga mwaka huu wa 2025, ghorofa ya tatu, na mlango unaotazamana na wangu ni wa familia ya Kigujarati. Mama wa pale ni mtu mwema hasa. Nikikwama kwenye foleni ya Salenda, wanangu hushindia kwake mpaka nirudi. Jana kanigongea, kasema Jumatatu tarehe 20 Oktoba ni Diwali, sikukuu yao ya taa, niende na watoto jioni, na nikiwa na nafasi nitoke mapema nimsaidie kupamba sakafu ya korido.

Nimekubali kwa furaha, kisha nikaanza kuwaza. Mimi ni Mwislamu, sitaki kumvunjia heshima wala kujikuta katikati ya ibada isiyo yangu. Nibebe nini? Nilifikiria keki. Mwanangu mdogo ana pumu, hizo fataki itakuwaje? Halafu kuna hili ninaloona aibu kumuuliza mwenyewe: juu ya mlango wao pana alama nyekundu ambayo mimi naijua kwa Hitler tu. Inafanya nini pale?

MzeeWaKijiweni

Beba kontena tupu lenye mfuniko. Hilo ndilo jibu, mengine yote ni maelezo.

MasiWaMwanza

BintiPangani, mwanangu, acha nikujibu mimi. Nimezaliwa Mwanza, nimeolewa Dar, na nimekaanga vitafunwa vya Diwali tangu enzi za jiko la mafuta ya taa.

Keki iache dukani. Ina mayai, na nyumba nyingi za Kihindu za Kigujarati hazili mayai. Wafuasi wa Swaminarayan na wengi wa Wajaini hawagusi hata kitunguu, si maji si saumu. Utamtia mwenzio majaribuni: kukataa ataona haya, kula hawezi. Peleka korosho. Korosho nzima za Mtwara, zilizobanguliwa ila hazijakaangwa, na uzipeleke Jumamosi tarehe 18, siku ya Dhanteras, wakati bado yuko jikoni. Atazisaga, atazipika na sukari, na Jumatatu utazikuta sahanini zimekatwa pembenne, zinaitwa kaju katli. Ukizipeleka Jumatatu yenyewe atashukuru, lakini zitaishia kabatini.

Hiyo alama, swastika, kwetu ni sathiyo. Tunaichora kwa unga mwekundu wa kanku mlangoni, kwenye vitabu vya hesabu, hata kwenye gari jipya kabla halijatoka. Ni ya heri, na ilikuwapo maelfu ya miaka kabla yule mtu hajazaliwa. Yake ilikuwa nyeusi, imeinamishwa. Yetu imesimama wima na mara nyingi ina nukta nne ndani yake. Muulize tu jirani yako, hilo swali tumelizoea.

Kuhusu ibada usihangaike. Puja, yaani ibada, ya Lakshmi, mungu wa kike wa baraka na mali, ni ya watu wa nyumba, hufanywa jua likishazama. Wenye biashara huunganisha na chopda pujan, yaani kuviombea vitabu vya hesabu vya mwaka mpya. Baba mkwe wangu alikuwa na duka Kariakoo: kitabu chenye jalada jekundu, ukurasa wa kwanza anaandika neno Shri mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, mpaka linakuwa piramidi, kisha anaweka jani la tambuu, popoo na sarafu. Sasa duka ni la mwanangu na hesabu zote ziko kwenye kompyuta, basi kompyuta ndiyo inayowekwa pale mbele, inachorewa sathiyo juu ya kifuniko kwa ncha ya kidole. Mkwe angecheka.

Wewe mwambie, "Nitakuja baada ya puja." Ataelewa hapo hapo. Wakipitisha prasad, yaani chakula kilichotangulizwa mbele ya mungu, na dini yako haikuruhusu, weka mkono kifuani useme umeshukuru. Hakuna atakayekushika. Chevdo, ganthia na ghughra zilizopangwa mezani ni za wageni, kula ushibe.

Sasa hilo la sakafu. Hapo amekupa heshima kubwa kuliko mwaliko wa kula, maana rangoli, hayo mapambo ya unga wa rangi sakafuni, ndiyo inayompokea Lakshmi mlangoni, na si kila anayepita anapewa kuigusa. Unga wa rangi unauzwa Kisutu kwenye vipakiti. Fagieni, pigeni deki, kisha subirini sakafu ikauke kabisa, kwani kwenye terazo yenye unyevu rangi inaganda na doa halitoki. Chora nukta kwa chaki, zenye nafasi sawa, ndipo uziunganishe. Unga unashikwa kwa dole gumba na kidole cha shahada, unauachia utiririke kidogo kidogo huku mkono unatembea, kiganja hakigusi chini. Anzeni katikati mwende nje, msije mkakanyaga kazi yenu. Mstari mweupe kwanza, rangi ndani, halafu mweupe tena juu ya kingo pale mikono ilipotetemeka. Huo mweupe wa pili ndio siri ya wanawake wote wanaosifiwa rangoli mjini hapa.

Korido za ghorofa za Upanga zina upepo wa bahari, na unga wa dukani ni mwepesi mno. Mimi nachanganya na chumvi laini, nusu kwa nusu, unatulia. Ukimwona anagonga ngumi sakafuni kutengeneza nyayo ndogo kutoka kizingitini kwenda ndani, hizo mwachie mwenyewe. Ni nyayo za Lakshmi na lazima zielekee ndani. Wewe jaza maua na tausi.

Mwaka huu pia kuna kitu kitakuchanganya. Diwali ni Jumatatu, lakini mwaka wetu mpya, 2082 kwa kalenda yetu ya Vikram, unaanza Jumatano tarehe 22. Jumanne katikati ni siku tupu, tunaiita dhoko, haina shughuli. Mwezi mwandamo una vituko vyake, wewe wa Pangani sihitaji kukueleza. Jumatano asubuhi ukikutana naye ngazini mwambie "Saal Mubarak," yaani heri ya mwaka mpya. Ataruka kwa furaha.

DadaParklands

Mimi niko Nairobi, nimefanya kazi kwa nyumba za Wahindi Parklands kwa miaka mingi, na ninataka kusema jambo ambalo halisemwi. Hizo mathiya, vitafunwa vyembamba vya Diwali mnavyokula vikivunjika mdomoni, unga wake ni mgumu ajabu. Unapigwa kwa mchi wa chuma huku unapakwa mafuta, unapigwa tena, mpaka ubadilike rangi uwe mweupe na ukivutwa usikatike. Kisha unasukumwa mwembamba mpaka unaona maua ya meza chini yake. Mkono wa kupiga ulikuwa wangu. Sheria ya sikukuu huku Kenya inatambua Diwali kuwa mapumziko ya Wahindu, na mimi si Mhindu, kwa hivyo siku hiyo nilikuwa nimesimama tangu alfajiri hadi usiku.

Sisemi kwa uchungu wote. Bosi mmoja alikuwa ananipa bahasha, sari na siku mbili za kwenda nyumbani. Mwingine alinipa ladu, vile vitamu vya duara, zilizovunjika. BintiPangani, ukiona dada jikoni kwa huyo jirani, msalimie kwa jina.

MasiWaMwanza

DadaParklands, umesema kweli tupu. Na bahasha ni haki siku hiyo, si hisani. Kwetu wakubwa huwapa watoto na wafanyakazi noti mpya, na hesabu huongezwa moja juu ili isiishie kwenye sifuri. Anayetoa ladu zilizovunjika amefungua mwaka wake vibaya.

FundiMwembechai

Mimi nafunga taa za Diwali kila mwaka, Upanga na Kisutu. Mwambie jirani asichomeke nyuzi tano kwenye ekstensheni moja ya bei poa. Za LED zinavumilia, za balbu za zamani zinayeyusha soketi. Zikining'inia nje kwenye balkoni, viungo vifungwe tepu vizuri na viwe juu, siyo vimelala kwenye maji. Oktoba vuli inaanza, mvua haiulizi kalenda.

Na nyie kina mama wa madera na mitandio: zile taa za udongo zinapangwa chini, kwenye ngazi na vizingiti. Mtandio wa nailoni ukipita juu yake, sitaki kueleza niliyoyaona. Funga kiunoni.

MzeeWaKijiweni

Naomba kuuliza bila utani safari hii. Sikukuu yenyewe inamkumbuka nani? Mmoja kaniambia mfalme, mwingine mungu wa pesa.

MasiWaMwanza

Wote wawili wako sawa. Mfalme Rama alirudi mjini kwake Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho, amemshinda adui yake Ravana, watu wakamwashia njia. Lakshmi ni wa baraka na mali, usiku huo anaingia kwenye nyumba safi yenye mwanga, ndiyo maana wiki nzima kabla yake tunatoa makabati nje na kugombana na waume zetu. Wajaini wanamkumbuka mwalimu wao Mahavira alipoikomboa roho yake. Kalasinga wao wana kiongozi wao Guru Hargobind aliyetoka gerezani Gwalior pamoja na wafalme wadogo 52. Bengal usiku huo huo wanamwabudu mungu wa kike Kali. Ukitaka jibu moja, utazeeka kijiweni.

BintiPangani

Jamani nimefurahi mno. Masi, kumbe nilikuwa nakwenda kufanya kituko na keki yangu. Naongeza maswali: nina gauni jeusi zuri la sherehe, linafaa? Na hukunijibu la pumu.

MasiWaMwanza

Jeusi liache, siku hiyo tunalikwepa. Vaa rangi yoyote inayong'aa, nyekundu, manjano, kijani, hata dera la maua. Viatu mnavua nje, kwa hiyo vaa vya kuvuka haraka, mlangoni patakuwa na rundo.

Pumu: mjukuu wangu anayo, nakueleza tunavyofanya. Fataki za vijana huwa baada ya chakula, chini uwanjani, moshi unapanda juu. Kaeni ndani upande wa pili wa jengo, madirisha ya upande wa uwanja yafungwe, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwako, siyo nyumbani ng'ambo ya korido. Hata zile njiti za kumetameta, taramandal, ambazo watu wanaziona ni za watoto, zina moshi mkali na zinachoma vidole. Yeye mpe kazi ya taa za udongo. Mchana mziloweke kwenye ndoo ya maji kwa saa kadhaa, zisipolowekwa zinakunywa mafuta yote na kuzima. Anasokota pamba iwe utambi, anaijaza taa mafuta ya alizeti isifike ukingoni. Kuwasha awashe mtu mzima.

FundiMwembechai

Na kwenye upepo wa ghorofa ya tatu taa iingie ndani ya glasi ya chai. Haizimi.

BintiPangani

Nimemwambia jirani leo asubuhi kwamba nitakuja kuchora saa tisa, nirudi kwangu niswali Magharibi, halafu nije na watoto baada ya puja. Kanikumbatia pale pale mlangoni. Korosho nimeagiza kwa shemeji, zinaingia Ijumaa na basi la Mtwara. Masi, chumvi kilo ngapi kwa korido ya hatua nne tano?

MasiWaMwanza

Kilo mbili zinatosha na zinabaki. Nunua laini, ya mawe itakukwaruza vidole. Iliyobaki usiitupe, maana alfajiri ya Jumatano watoto wa Kigujarati hupita milango na chumvi, wanaiita sabras, kila nyumba inachukua kidogo kwa heri ya mwaka. Wakikugongea saa kumi na moja, fungua, chukua, wape hela kidogo, urudi kulala.

MzeeWaKijiweni

Na kontena?

MasiWaMwanza

Kontena alete. Kubwa.