Naomba ushauri: mnara wa kumbukumbu ya vita, Iringa

Kamwene wakuu. Mimi ni fundi mawe, nimeombwa nichore mnara wa kumbukumbu ya vita utakaokaa bustanini hapa mjini. Wazee wanataka mpiganaji wa vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipolivunja jeshi la Zelewski, kamanda wa Kijerumani. Naliheshimu sana hilo. Ila wapagazi waliokufa Vita Kuu ya Kwanza wakibeba risasi na unga kichwani tunawaweka wapi? Sanamu ya Askari ya Dar, ya 1927, inaonyesha askari na singe yake. Mpagazi katajwa kwenye maandishi, ila pale juu hayupo.

Nafikiria jiwe la huku huku, bila sura ya mtu, mkuki na mzigo vikichongwa kwa patasi. Saruji ya kupaka rangi siitaki, mvua zikipiga inabanduka. Je, watoto wataelewa? Na maandishi yawe Kiswahili peke yake, au na Kihehe?