Mboga za kuchangia jiko la jamii zifike vipi zikiwa mbichi?

Mama wa Nyalenda, Kisumu:
Hamjambo, ndugu zangu. Sisi akina mama wachache hukusanya sukuma wiki, managu na nyanya katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, kisha tunazipeleka katika jiko linalowapikia wazee mtaani kwetu. Joto la Kisumu huzinyausha kabla ya Jumatatu adhuhuri, na juzi nililazimika kumwaga gunia zima la managu lililokuwa limeanza utelezi na harufu, jambo lililoniuma sana. Tufanyeje?

Mkulima wa Bahati, Nakuru:
Pole sana, dada. Gunia ndilo lililowaponza, kwa maana majani yaliyoshindiliwa hujitia joto yenyewe. Yapangeni katika kreti zilizo wazi, msiyaoshe hadi wakati wa kupika, na muyafunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nyanya pokeeni zilizoanza tu kuiva.

Mpishi, Kakamega:
Nakubaliana na mkulima, ila mimi ningebadilisha siku yenyewe. Kwetu wachangiaji huleta mboga alfajiri ya siku ya kupika, nasi huwaambia mapema kinachohitajika, kwa sababu kupokea kabichi 40 bila kitunguu hata kimoja hakumsaidii mpishi. Viazi vilivyogeuka kijani vikataeni kwa heshima, kwani sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa.

Mama wa Nyalenda, Kisumu:
Asanteni sana. Kreti nitamwomba muuza mikate wa hapa jirani, na kuhusu siku nitazungumza na wenzangu leo jioni.