Ekari 6 Chamwino, milioni 18 mkononi: nianze na kisima au nyumba?

Mhamiaji wa Tabata (Oktoba)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na matusi kidogo nitavumilia.

Mwezi uliopita nimenunua ekari 6 kwenye kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, Dodoma, ukishaipita Mvumi unaendelea mbele. Mimi na mke wangu tumekaa Dar miaka 16, watoto watatu, na tumechoka kununua kila kitu mpaka bamia. Nia yetu ni kuhamia huko mwakani tujitegemee: tule tulicholima, tunywe maji yetu, umeme wa jua, luku tuisahau.

Nina milioni 18 taslimu. Mpango wangu ni huu, kwa mfuatano huu huu: kisima kirefu, nyumba ya vyumba vitatu ya tofali za kuchoma, mahindi ekari 2, zabibu ekari 2, ng'ombe wawili wa maziwa, na sola ya kuendesha friji. Vigingi vya nyumba nimeshapiga, sehemu ya bondeni kidogo, udongo mweusi mzuri na mgunga mkubwa wa kivuli. Karatasi ya mauziano ninayo, kasaini mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wanne.

Swali: nianze na kisima au nyumba? Na hela inatosha?

Nyundo Ishirini

Mkuu, umesema "bondeni" na "udongo mweusi" kwa pumzi moja, halafu unataka kusimamisha nyumba hapo? Hiyo ni mbuga, udongo wa mfinyanzi. Ikinyesha inavimba, kiangazi inakauka na kupasuka, na nyumba inacheza nayo. Mimi ni fundi, nimeshaitwa kuziba nyufa za nyumba za namna hiyo mpaka nimechoka kupokea hela ya watu bure. Unaziba Mei, Januari zimerudi.

Nenda sasa hivi kabla ya mvua, zunguka na jembe. Ukikuta nyufa za ardhi unazoweza kuingiza kiganja, ng'oa vigingi. Panda juu kwenye udongo mwekundu wenye changarawe. Kivuli utapanda.

Karani Mstaafu

Kabla ya udongo, karatasi. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kukugawia wala kukuidhinishia ardhi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, anayesimamia ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, na ugawaji unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Wewe ni mgeni, si mkazi, kwa hiyo muuzaji alitakiwa apite huko kwanza. Ulichonacho ni ushahidi kwamba hela ilitoka mfukoni mwako. Si zaidi.

Rudi kijijini, onana na mtendaji, omba ombi lako liingie kwenye ajenda ya halmashauri ya kijiji. Nenda na mke wako ili majina yote mawili yaandikwe. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi na uutazame kwa macho yako, usisimuliwe. Likishapita, ndipo ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila. Usimwage hata ndoo moja ya zege kabla ya hapo.

Na usiende kwa ujeuri wa mjini. Ukifika salimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", kaa chini ya mti kama wengine, subiri zamu yako.

Mhamiaji wa Tabata

Aisee. Nilidhani nimemaliza. Asante mzee, shikamoo. Haya, tuseme karatasi zimekaa sawa na nyumba nimeihamishia juu. Kisima je?

Mita Mia na Kumi

Jina langu lina historia. Nilichimba mita 110 upande wa Bahi, nikalipia upimaji, nikalipia mtambo, nikalipia mabomba. Maji yakatoka kweli, tukashangilia, fundi akaonja akatema. Chumvi. Mbuzi wanakunywa, sisi hatunywi, na nyanya niliyomwagilia iliungua majani.

Sisemi usichimbe. Makutupora hapo visima ndivyo vimeinywesha Dodoma mjini miaka yote. Lakini Makutupora ni Makutupora, kwako ni kwako, na kilomita 3 tu zinaweza kubadilisha kila kitu. Jirani mwenye kisima yupo? Maji yake yakoje? Ukichimba, kibali kinatoka bodi ya maji ya bonde, na maji yakitoka yapeleke maabara yapimwe madini ya floridi kabla watoto hawajayazoea. Kanda yetu hii ina shida hiyo, watu wazima wenye meno ya kahawia unawaona. Kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Ukiweka milioni zako nyingi kwenye shimo halafu likatoka kama langu, huna nyumba, huna shamba, huna hata nauli.

Nyundo Ishirini

Ndiyo maana mimi wateja wangu nawaambia: Dodoma usijenge nyumba, jenga paa. Nyumba itakuja chini yake.

Piga hesabu nami. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Huku kwetu tunapata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili. Jenga banda la bati la mita 10 kwa 6, hiyo ni mita 60 za mraba. Kwa milimita 550 zinakuja lita 33,000. Toa moja ya tano kwa yanayoruka na yanayooshea paa, unabaki na kama 26,000. Nyie mko watano, lita 20 kila mtu kwa siku ni lita 100. Mei mpaka Novemba ni siku 214, sawa na lita 21,400. Umevuka kiangazi kwa kunywa, kupika na kuoga kwa akili, bila kuchimba hata mita moja.

Pa kuyaweka: simtanki za plastiki ni rahisi kuanza nazo lakini za kufikia lita hizo zitakumaliza. Mimi nachimba tangi la chini, la duara, kipenyo mita 4 na kina mita 2.4, linabeba kama lita 30,000. Duara, si mstatili, kwa sababu pembe ndizo zinazopasuka. Matofali, plasta yenye waya wa kuku ndani, tabaka la saruji laini juu, na mfuniko usiopitisha mwanga. Mvua ya kwanza ya Desemba igeuze bomba imwagike nje, ina vumbi la miezi saba na kinyesi cha popo. Na hili nalo usilichimbe kwenye mbuga!

Familia ikae kwenye hilo banda mwaka wa kwanza, na kuta za tofali za udongo na saruji za kufungamana, hizo za mashine ya mkono. Hazili kuni. Tofali za kuchoma zinataka magogo, na hiyo migunga unayoisifia ndiyo itakayoingia tanuruni.

Bibi wa Uwele

Mwanangu, hujambo. Mimi nalima huku tangu nikiwa binti, nimesoma uzi wote kwa miwani ya mjukuu wangu. Nakuuliza moja. Mahindi ekari 2 umeyatoa wapi?

Mhamiaji wa Tabata

Shikamoo bibi. Watoto hawali ugali wa mtama. Tumejaribu, wanakataa.

Bibi wa Uwele

Marahaba. Njaa ya Februari itawafundisha, wala hutasema neno.

Huku mvua inaanza vizuri, Desemba kila mtu anacheka. Kisha Februari inakata, wiki mbili, wakati mwingine tatu. Hapo ndipo mahindi yanatoa mbelewele, na yakikosa maji siku hizo umevuna mabua. Mtama unajikunja unasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Uwele ni mgumu zaidi hata ya mtama. Panda mtama wa aina ya Macia ekari moja na nusu, uwele nusu, katikati weka kunde na choroko. Mahindi panda karibu na nyumba, ya kuchoma na kuwabembelezea hao watoto. Mwaka mzuri mimi napata magunia 6 ya mtama kwa ekari, mwaka mbaya 2. Nyie watano mnahitaji kama magunia 5 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka mzuri uweke akiba, usiuze.

Lakini usipande kwa kujificha. Panda siku wanazopanda majirani. Ukiwahi peke yako ukakomaza kabla yao, ndege kweleakwelea wa kijiji kizima ni wako. Wanakuja alfajiri kama wingu, na saa tatu umebaki na masuke matupu.

Shamba lako lina ardhi ngumu juu? Chimba vishimo kiangazi hiki, vya Chololo, kijiji cha hapo hapo Dodoma vilikoanzia. Upana kama sentimita 22, kina 30, hatua ya sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine na 90 kati ya mistari. Weka samadi na majivu ndani, mvua ikija inakaa shimoni badala ya kukimbilia kwa jirani. Ni kazi, mgongo utalia. Anza na robo ekari uone.

Na mlenda muuachie uote. Kausheni, mtwange, ndio mboga ya Septemba.

Mkwaju Mmoja

Miti msinunue miche mkaipoteza kiangazi. Tembea shambani utaona visiki vinachipua chini chini kama majani tu. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine kata, punguza matawi ya chini, funga kitambaa ili anayelima asifyeke. Mizizi yake iko chini miaka mingi, haihitaji ndoo yako. Hiyo ndiyo Kisiki Hai, Dodoma wengi wanaifanya. Miaka mitatu una kivuli na kuni za kukata kwenye matawi.

Zabibu Chungu

Ekari 2 za zabibu kwa mwaka wa kwanza? Mkuu, nguzo, waya, samadi, dawa ya ukungu, na maji. Unasubiri karibu miaka miwili ndipo uonje. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, ni kweli, na ndiyo inayowadanganya watu kwenye karatasi. Mimi niliuza msimu mzima kwa mnunuzi mmoja akaniambia njoo Ijumaa. Ijumaa hiyo ilifika baada ya miezi minne, na haikuwa hela yote. Zabibu haikai ghalani kama mtama ukamsubiri mnunuzi mwenye heshima, inaoza unaiangalia. Panda mistari michache ujifunze kupogoa. Ekari 2 utazipanda ukishajua maji yako yanatosha nini.

Karani Mstaafu

Mtoa mada asivunjike moyo, amewahiwa na wakubwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa hapo na matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mvua haikusikiliza mpango, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 wakaachana na mradi. Wao hawakumuuliza bibi yeyote.

Dokta Kuku

Haraka haraka. Ng'ombe wa maziwa futa, mmoja anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, hilo tangi la Nyundo lita 30,000 wawili wanalimaliza kabla ya mwaka kuisha na nyie hamjanywa. Anza na mbuzi wa kienyeji sita na kuku. Kuku chanja ugonjwa wa kideri kila miezi mitatu, tone moja jichoni, usisubiri waanze kusinzia. Sola: taa, simu na redio vinatosha. Nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zikifika kijijini kuunganishwa ni shilingi 27,000, friji itasubiri. Luku haisahauliki kirahisi.

Mhamiaji wa Tabata (Machi, mrejesho)

Wakuu, niliahidi kurudi.

Oktoba ile ile nilienda, nyufa nikaingiza kiganja mpaka kifundo. Vigingi niliving'oa viwili nikachoka, viwili nikaviacha. Januari nimevikuta ndani ya maji yaliyofika magotini. Nimepiga picha nikamtumia mke wangu bila maneno, akajibu kwa sauti ya kicheko ya sekunde arobaini.

Halmashauri ya kijiji ilikaa mara mbili. Mara ya kwanza akidi haikutimia. Mara ya pili wakafungua mpango wa matumizi ya ardhi, kumbe upande wa mashariki wa shamba langu ni mapito ya mifugo, na muuzaji alikuwa anajua. Nimepoteza kama robo tatu ya ekari. Mkutano mkuu umepitisha iliyobaki, majina yetu yote mawili, hati tunasubiri. Mzee Karani, ningekuwa nimejenga ukuta pale.

Banda la mita 10 kwa 6 limesimama juu kwenye changarawe. Tangi limekamilika Februari, limechelewa, mvua za Desemba zilipita hivi hivi naziangalia. Sasa lina maji kifuani. Kisima nimekiahirisha, nimebakiwa na milioni 7 na nusu.

Mtama umekaa vizuri, Februari ilikata siku 17. Mahindi ya watoto yalikufa yote. Bibi, sitaki kusikia.

Sasa nina jambo. Jirani mmoja mfugaji kaja kistaarabu, anaomba nikishavuna aingize ng'ombe wake wale mabua. Mke wangu anasema tumkatalie, mimi naogopa ugomvi. Mnafanyaje?

Bibi wa Uwele

Sisemi kitu kuhusu mahindi.

Usimkatalie. Mwambie aingie siku mtakazokubaliana mbele ya balozi wa nyumba kumi, si kabla, na ng'ombe walale shambani kwako usiku, asiwarudishe zizini. Samadi ibaki kwako. Lakini ile robo yenye vishimo izungushie miiba kwanza, kwato zikipita pale mtachimba upya. Na umwombe chupa ya maziwa kwa ajili ya watoto, hatakunyima.